Ahmad ibn Majid: Maalim aliyeziandikia pepo za Bahari ya Hindi kalenda yake

Chini ya mchanga wa pwani ya Ras al-Khaimah, mojawapo ya falme saba zinazounda Umoja wa Falme za Kiarabu, yamezikwa mabaki ya Julfar, mji wa bandari uliostawi kwa biashara ya lulu na kwa safari za mbali. Ndiko alikozaliwa, katika nusu ya kwanza ya karne ya 15, Shihab al-Din Ahmad ibn Majid, mtu anayehesabiwa kuwa bingwa mkubwa wa elimu ya bahari miongoni mwa Waarabu wa zama zake.

Jina lake limeenea ulimwenguni kwa sababu ya kisa kimoja: kwamba yeye ndiye aliyemwongoza Mreno Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India mwaka 1498. Kisa hicho kimemletea sifa kwa baadhi ya watu na laana kwa wengine, ilhali ushahidi wake ni dhaifu. Kazi aliyoifanya bila shaka yoyote ni nyingine, na haitajwi sana: aliandika ni siku zipi Bahari ya Hindi hufunguka kwa msafiri, ni siku zipi hufungwa, na ni nini humpata anayeipuuza hesabu hiyo.

Mwana wa maalim, mjukuu wa maalim

Ibn Majid alizaliwa katika ukoo wa mabaharia. Babu yake alikuwa maalim, na baba yake vilevile. Katika majahazi ya wakati huo, maalim hakuwa lazima awe nahodha wala mwenye chombo. Alikuwa mtu aliyebeba elimu ya njia: kuzipima nyota, kuisoma dira, kuyajua maji, matumbawe na pepo, na kuamua siku ya kung'oa nanga. Maisha ya wote waliomo yalikuwa mikononi mwake. Neno mwalimu, linalotumiwa leo na kila mwanafunzi wa Afrika Mashariki, lina asili moja na cheo hicho.

Baba yake alijulikana zaidi kwa ujuzi wa Bahari ya Sham, yenye miamba mingi na njia nyembamba, na aliacha utungo wa beti zaidi ya elfu moja kuhusu pwani zake. Kijana alirithi utungo huo, akausafiria, kisha akausahihisha pale alipoona maji na nyota havilingani na maneno ya mzazi wake. Alimheshimu baba yake, lakini katika elimu ya bahari aliona kwamba urithi usiopimwa upya unaweza kuua watu.

Mwaka 1462 alikamilisha utungo wake mkubwa wa kwanza kuhusu misingi ya elimu ya bahari, nao pia una beti zaidi ya elfu moja. Hadi mwisho wa maisha yake alikuwa ameandika takriban kazi 40, nyingi zikiwa mashairi. Uchaguzi huo ulikuwa na sababu ya kikazi. Usiku wa dhoruba hakuna taa inayowezesha kusoma kitabu juu ya sitaha, bali shairi lenye mizani na vina hukaa kichwani. Wenyeji wa pwani ya Uswahilini, ambao kwa karne nyingi wamehifadhi dini, historia na maadili katika tenzi, wanaielewa njia hiyo bila kuelezwa.

Bahari ambayo upepo wake hugeuka

Katika maeneo mengi ya bahari za tropiki, pepo hutoka upande mmoja karibu mwaka mzima. Ndivyo ilivyo katika sehemu kubwa za Atlantiki na Pasifiki, ambako pepo za kudumu huvuma kutoka mashariki. Sehemu ya kaskazini ya Bahari ya Hindi, pamoja na pwani ya Afrika Mashariki, ina tabia yake: upepo hugeuka mara mbili kila mwaka.

Chanzo chake ni bara kubwa la Asia. Kati ya Juni na Agosti, nchi kavu ya bara hilo hupata joto kuliko bahari. Hewa iliyo juu yake hupanda, mgandamizo hupungua, na hewa yenye unyevu kutoka baharini huvutwa kuelekea huko. Mzunguko wa dunia huipinda njia yake. Kwenye pwani ya Tanzania na Kenya huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, na ikishavuka ikweta hupinda na kuelekea India kutoka kusini-magharibi. Hiyo ndiyo kusi. Kuanzia mwezi Desemba mambo hugeuka: Asia hupoa, mgandamizo juu yake hupanda, na hewa kavu huteremka baharini kutoka kaskazini-mashariki. Hiyo ndiyo kaskazi, ambayo kwa karne nyingi ilileta majahazi ya Arabuni, Uajemi na India hadi Lamu, Malindi, Mombasa, Unguja na Kilwa.

Katikati ya misimu hiyo miwili hupita majuma ambayo upepo hauna msimamo. Huvuma kidogo huku, hulala, kisha hutokea upande mwingine. Mabaharia wa Kiswahili waliyaita majira hayo maleleji, au tanga mbili. Chombo kinachokutwa katikati ya bahari wakati huo kinaweza kukaa siku nyingi bila kwenda popote, maji ya kunywa yakipungua kwenye mapipa.

Hatari nyingine hutoka upande wa pili, yaani upepo unapozidi. Mwezi Juni na Julai, kusi hupata nguvu kubwa kwenye maji ya Somalia na kisiwa cha Socotra, na kasi yake mara nyingi hupita kilomita 50 kwa saa. Mawimbi huwa makubwa, na pwani ya magharibi ya India hupigwa na mvua na bahari chafu kiasi kwamba bandari zake za zama zile hazikuingilika. Kwa takriban miezi mitatu bahari ilihesabiwa kuwa imefungwa.

Kwa hiyo msimu wa kusi, ingawa ni mmoja, uliwapa mabaharia nafasi mbili fupi tu za kuelekea India. Ya kwanza ni mwanzo wake, mwezi Aprili na Mei, kabla upepo haujawa mkali. Ya pili ni mwisho wake, kuanzia karibu na mwisho wa Agosti, nguvu inapopungua. Majira hayo ya mwisho Waswahili huyaita demani, na neno linalofanana nalo linapatikana katika maandishi ya Ibn Majid mwenyewe. Aliyezikosa nafasi zote mbili alilazimika kubaki ugenini akisubiri, mali yake ikikaa ghalani na familia yake ikikaa bila habari.

Hesabu ya Nairuzi

Elimu hiyo yote ilihitaji tarehe, na tarehe zilikuwa na tatizo. Kalenda ya Hijria hufuata mwezi, na mwaka wake ni mfupi kwa takriban siku 11 kuliko mwaka wa jua. Pepo, kwa upande wao, hufuata jua. Baharia aliyeambiwa kuwa msimu mzuri wa kuondoka ni mwezi wa Shaabani angefaulu miaka michache tu. Baada ya hapo Shaabani ingehama, na ushauri uleule ungempeleka kwenye dhoruba.

Ibn Majid na maalim wenzake walitumia hesabu ya Nairuzi, yaani mwaka wa siku 365 unaohesabiwa siku moja moja kuanzia siku yake ya kwanza. Katika kitabu chake kikuu cha nathari, Kitab al-Fawaid, alichokikamilisha karibu na mwaka 1490, sura ya 11 kati ya 12 inahusu misimu ya safari. Humo kila safari ina siku zake: ni siku ya ngapi ya Nairuzi mtu aondoke Aden, ni siku ya ngapi aondoke Hormuz au Gujarat, na ni siku ipi ambayo baada yake asithubutu kutoka bandarini.

Hesabu hiyo si ngeni katika pwani ya Afrika Mashariki. Waswahili nao walikuwa na mwaka wa jua wa siku 365, uliogawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za ziada. Wakulima na mabaharia waliufuata pamoja na kalenda ya Kiislamu. Kumbukumbu yake ingalipo katika sherehe za Mwaka Kogwa huko Makunduchi, Unguja, ambazo siku yake huitwa pia Nairuzi. Asili ya neno hilo ni Kiajemi, na lilisambaa pamoja na watu waliokuwa wakisafiri kwa pepo zilezile.

Kibao, uzi na nyota

Ili kujua chombo kimefika wapi kati ya kaskazini na kusini, maalim alitumia kibao kidogo cha mbao chenye uzi wenye mafundo. Alikishika mbele ya macho, akalinganisha ukingo wake wa chini na upeo wa bahari, na ukingo wa juu na nyota. Kipimo chake kiliitwa kidole, na kidole kimoja ni zaidi kidogo ya nyuzi moja na nusu. Kila bandari ilikuwa na idadi yake ya vidole. Umbali nao ulipimwa kwa muda, ambapo kipande kimoja cha safari kilikuwa saa tatu za kwenda kwa tanga.

Dira yake ilikuwa na pande 32, na nyingi ziliitwa kwa majina ya nyota zinakochomoza na kutua. Mabaki ya dira hiyo yamo katika Kiswahili cha mabaharia: jaa kwa upande wa kaskazini, kutokana na nyota isiyohama, na suheli kwa upande wa kusini.

Tatizo lilianza chombo kilipoelekea kusini. Karibu na ikweta nyota ya jaa hushuka hadi kwenye upeo wa bahari, kisha hupotea kabisa. Anayekwenda Kilwa au Sofala, ambayo leo iko Msumbiji, alipaswa kujua nyota nyingine za kuzipima. Aidha, kaskazi haifiki Sofala kwa nguvu ileile inayofika Mombasa. Kwa chombo kilichotoka Arabuni, Kilwa ilikuwa karibu ndiyo mwisho wa safari iliyoweza kwenda na kurudi ndani ya mwaka mmoja. Hiyo ni sababu mojawapo iliyoifanya Kilwa kuwa soko la dhahabu ya Sofala. Ibn Majid aliiandikia njia hiyo ya kusini utungo maalumu, unaojulikana kama al-Sufaliyya, na katika Kitab al-Fawaid aliijumuisha Unguja miongoni mwa visiwa kumi vikubwa vya dunia alivyovieleza.

Ukali wake, na fahari yake

Maandishi yake yanamwonesha kuwa mtu mkali na mwenye kujivuna. Alijiona mrithi wa maalim watatu mashuhuri wa karne zilizotangulia, waliopewa lakabu ya simba, naye akajihesabu kuwa wa nne wao. Hata hivyo aliwakosoa kwa kukusanya habari za watu wengine badala ya kuyapima maji wenyewe.

Aliwagawa maalim katika makundi matatu. Wa kwanza huenda na kurudi, mara akipatia na mara akikosea, bila kujua sababu. Wa pili ni hodari katika pwani alizozizoea, lakini akifa elimu yake huzikwa pamoja naye. Wa tatu halipotei lolote kwake, tena huandika ili wanaokuja baada yake wanufaike. Alijiweka katika kundi hilo la tatu, na wingi wa kazi zake unamtetea.

Pamoja na fahari hiyo, nasaha zake kwa maalim kijana ni za unyenyekevu. Akikague chombo kingali nchi kavu. Asilale kupita kiasi. Awe mpole kwa abiria na awasikilize mabaharia. Asijiaminishe kwa sababu ya safari iliyopita salama, maana bahari haimdai mtu deni la jana bali kosa la leo.

Aprili 1498

Tarehe 24 Aprili 1498, merikebu tatu za Vasco da Gama zilitweka matanga kutoka Malindi. Mtawala wa mji huo, aliyekuwa na uhasama na Mombasa, alimpa Mreno huyo rubani wa kumvusha. Siku ilichaguliwa vyema, kwani kusi ilikuwa imeanza lakini haijawa kali. Tarehe 20 Mei, baada ya chini ya majuma manne, walitia nanga karibu na Calicut, kusini-magharibi mwa India.

Rubani huyo alikuwa nani? Waandishi wa Kireno wa karne ya 16 wanamtaja kuwa Mwislamu kutoka Gujarat, na mmoja wao anamwita Malemo Cana. Malemo ni neno maalim kama lilivyosikika masikioni mwa Mreno. Habari za mtu mmoja aliyekuwamo katika msafara huo hazimtaji Ibn Majid. Jina lake lilitajwa zaidi ya miaka 70 baadaye na mwanahistoria wa Makka, Qutb al-Din al-Nahrawali, aliyedai kwamba Wareno walimlewesha ndipo akawaonesha njia. Mnamo miaka ya 1920, mtaalamu wa Kifaransa Gabriel Ferrand aliiunganisha habari hiyo na miswada ya Ibn Majid iliyohifadhiwa Paris, na tangu hapo dai hilo likaingia katika vitabu vya shule.

Watafiti wengi wa baadaye wamelikataa. Ibn Majid hakuwa mtu wa Gujarat. Mwaka 1498 alikwisha kuwa mzee, na mtu aliyekuwa akitangaza kila fahari yake hakuacha mstari unaodai safari hiyo. Mwaka 2000, Sheikh Sultan bin Muhammad al-Qasimi, mtawala wa Sharjah ambaye pia ni mwanahistoria, alichapisha kitabu kizima cha kumsafisha na tuhuma hiyo. Isitoshe, njia ya kutoka Malindi kwenda Malabar haikuwa siri ya mtu mmoja. Ilijulikana kwa maalim wengi wa Kiarabu, Kihindi na Kiswahili waliopita humo kila msimu, na yeyote kati yao angeweza kuajiriwa.

Ushahidi wa kile ambacho Wareno hawakukijua umo katika safari yao ya kurudi. Waliondoka Calicut mwishoni mwa Agosti, na tarehe 5 Oktoba 1498 wakaiacha pwani ya India kuelekea Afrika. Kaskazi ilikuwa haijaanza. Waliingia katikati ya bahari wakati wa tanga mbili, wakakutana na upepo wa mbele na siku za utulivu mtupu. Safari iliyowachukua chini ya majuma manne walipokwenda iliwachukua takriban miezi mitatu walipokuwa wakirudi. Ugonjwa wa kukosa mboga na matunda ukawavimbisha fizi na miguu. Watu 30 walikufa katika kivuko hicho, na kila merikebu ikabakiwa na watu saba au wanane tu wenye uwezo wa kufanya kazi.

Waliiona pwani ya Mogadishu tarehe 2 Januari 1499, kaskazi ilipokwisha kushika. Siku chache baadaye, Malindi iliwapa nyama, mayai na machungwa. Mabaharia waliobaki hawakutosha merikebu tatu, hivyo moja, São Rafael, ilichomwa moto kwenye pwani ya Mtangata, karibu na Tanga ya leo. Laiti wangesubiri India miezi miwili zaidi, upepo wenyewe ungewaleta.

Baada ya kifo chake

Utungo wa mwisho wa Ibn Majid wenye tarehe ni wa mwaka 1500, na inakisiwa kuwa alifariki muda mfupi baadaye. Katika al-Sufaliyya mna beti zinazotaja kuja kwa Wafaranji, kama Wazungu walivyoitwa, na madhara yao, ingawa baadhi ya watafiti huziona kuwa nyongeza ya mkono mwingine.

Mwaka 1554, amiri wa bahari wa dola la Uthmania, Seydi Ali Reis, alipigwa na dhoruba alipokuwa akizipeleka merikebu kutoka Basra kwenda Suez, akatupwa hadi Gujarat. Akiwa huko bila kikosi, aliandika kitabu cha elimu ya Bahari ya Hindi, na sehemu kubwa aliitoa katika maandishi ya Ibn Majid na ya mwanafunzi wa njia yake, Sulaiman al-Mahri.

Miaka 300 baadaye, mwaka 1854, msafiri wa Kiingereza Richard Burton alipanda chombo kutoka Aden kwenda Zeila, akawakuta mabaharia wakimsomea Fatiha Sheikh Majid, waliyemwamini kuwa ndiye mvumbuzi wa dira. Mvumbuzi hakuwa yeye, lakini jina lake lilikuwa lingali midomoni mwa watu wa kazi ileile.

Miswada mingine mitatu, ukiwamo wa al-Sufaliyya, ilikuwa imehifadhiwa Leningrad. Mtafiti kijana aliyeishughulikia, Theodore Shumovsky, alikamatwa na serikali ya Kisovieti mwaka 1938 akapitisha miaka mingi katika kambi za wafungwa. Alipoachiwa aliirudia kazi yake, na miswada hiyo ikachapishwa mwaka 1957. Ndipo wasomaji walipoweza kumfuata tena maalim wa Julfar hadi Kilwa na Sofala, pwani kwa pwani, kwa siku alizozipanga mwenyewe kwa hesabu ya Nairuzi.